Kozi ya Kiindonesia na Wimbo wa Kakatua: Uzoefu Wangu

Kila msimu wa kuomba ufadhili wa KNB unapofika, ule wa serikali ya Indonesia kwa wanafunzi wa nchi zinazoendelea, huanza kupokea ujumbe kutoka Unguja na Pemba. Watu hawaniulizi sana habari za posho wala chakula. Wanauliza lugha. Anayefadhiliwa husoma kwanza Kiindonesia kabla ya kuingia kwenye masomo ya shahada, na wengi wanahofu kwamba hicho kipindi cha lugha ndicho kitakachowarudisha nyumbani. Mimi nilikipitia Yogyakarta. Nitaeleza kipande kimoja tu cha kozi, kwa sababu ndicho kilichonifaa kuliko vyote: wimbo wa watoto wa Burung Kakatua, yaani ndege kakatua, aina ya kasuku.

Kozi yenyewe huitwa BIPA, yaani Bahasa Indonesia bagi Penutur Asing, Kiindonesia kwa wenye lugha nyengine. Ina ngazi saba. Madarasa ni ya asubuhi, na miongoni mwa vitabu vyake kuna Sahabatku Indonesia, ambacho idara ya lugha ya serikali hukitoa bure mtandaoni. Kitabu ni kizuri, kina picha na mazungumzo ya sokoni na ofisini. Lakini wiki ya kwanza mwalimu wetu, ambaye tulimwita Bu kama anavyoitwa kila mwanamke mwenye heshima zake kule, hakukifungua kitabu. Aliandika mistari minne ubaoni, akaanza kupiga makofi na kuimba:

Burung kakatua
hinggap di jendela
nenek sudah tua
giginya tinggal dua

Maana yake: ndege kakatua katua dirishani, bibi keshazeeka, meno yake yamebaki mawili. Halafu kinakuja kiitikio cha tekdung, tekdung, ambacho ni mlio tu wa kuchezea mdomo.

Mtu aliyekulia kwenye mashairi ya Kiswahili atatambua mara moja alichowekewa mbele yake. Mishororo minne, vina vyote vinaishia na a, mizani sita, sita, sita, kisha saba. Ni tarbia ndogo! Na ukijiuliza ndege na bibi wanahusiana nini, jawabu lipo kwenye pantun, ushairi wa jadi wa Kimalai ambao mwaka 2020 UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, kwa maombi ya Indonesia na Malaysia pamoja. Katika pantun mistari miwili ya mwanzo hutengeneza picha na sauti, na miwili ya mwisho ndiyo inayobeba maneno yenyewe. Wimbo huu umejengwa kwa mtindo huo. Kakatua anamtangulia bibi kwa sababu ya kina, basi. Wenzangu darasani walitafuta hadithi inayomuunganisha ndege na meno ya bibi, mimi nikawa nimeshahifadhi.

Sasa faida ya wimbo, na hapa ndipo ninapotaka ndugu zangu wanisikilize. Tatizo la kwanza la Mswahili katika Kiindonesia ni mwisho wa neno. Maneno yetu huishia na irabu. Yao mengi hufunga: burung, hinggap, nenek, sudah. Ulimi wetu hutaka kuongeza kitu, tuseme "burungu", tuseme "hinggapu". Katika mazungumzo hakuna anayekukosoa, kwa sababu watu wa Yogyakarta ni waungwana mno na watakuelewa. Wimbo haukusamehi. Ukiongeza irabu umeongeza mizani, na ukiongeza mizani darasa zima limeshafika dirishani wewe bado uko kwa kasuku. Mapigo yake ni matatu matatu na hayangojei. Aliyesoma Kurani kwa tajwidi ana msaada mkubwa hapa, maana amezoea sukuni na anajua kusimama juu ya herufi bila ya kuivuta. K ya mwisho ya nenek haitamkwi kama k, inakatwa kooni kama hamza. P ya hinggap midomo inafungwa tu na haifunguliwi kwa kishindo. H ya sudah inasikika kwa pumzi nyepesi.

Upande mwengine tumezaliwa nayo. Burung ina ng' ya ng'ombe, hinggap ina ng ya nguo. Wanafunzi wengi wa nchi nyengine waliteseka na tofauti hiyo; sisi tunaitamka tangu utotoni. Giginya ina ny ya nyama na g ya gari. Hata mkazo kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama kwetu.

Kinachobaki kigumu ni herufi e. Kiindonesia kina e iliyo wazi, kama ya "pete", na kina e nyengine hafifu inayokaribia kumezwa, ambayo Kiswahili hatuna kabisa. Zote mbili huandikwa kwa herufi ile ile. Neno jendela linazo mbili pamoja: ya kwanza inamezwa, ya pili iko wazi. Nenek zote mbili ziko wazi. Karatasi tuliyopewa haikuonesha tofauti hiyo popote, na hilo naliona ni kasoro kubwa ya kozi, kwa sababu mtu akihifadhi e vibaya wiki ya kwanza ataibeba mwaka mzima. Fungueni KBBI, kamusi kuu ya Kiindonesia, ipo mtandaoni bure, na hiyo huiwekea alama e iliyo wazi: jendéla. Ukishaupata ule mwanzo wa jendela, umepata na selamat, umepata na terima kasih, maneno utakayoyasema kutwa nzima, kwa sababu e ya silabi ya kwanza ni ile ile hafifu.

Tuje kwenye sarufi. Mstari wa tatu, nenek sudah tua, hauna "ni" wala kitenzi. Kuna bibi, kuna sudah, kuna uzee. Mwalimu wetu alieleza sudah kwa Kiingereza, na maelezo yakarefuka: mara ni wakati uliopita, mara sio, mara ni "tayari". Mimi nilijua ninakisikia kitu cha nyumbani, maana sudah ni "kesha". Bibi keshazeeka. Na mwenzake wa sudah ni belum, ambao ni "bado" wetu bila ya kupunguza kitu. Mtu akikuuliza Sudah makan?, umeshakula?, unajibu sudah au unajibu belum. Ukiulizwa kama umeoa au umeolewa na hujawahi, hujibu "hapana", unajibu belum, kwa adabu ile ile tunayojibia "bado". Wenzangu waliofikiri kwa Kiingereza walihangaika na jambo hili kwa muda mrefu.

Hali ni hiyo hiyo kwa giginya. Gigi ni jino au meno, halibadiliki kwa wingi, na nya inagandishwa mwisho wa neno kuonesha mwenyewe. Sisi tunasema mumewe, nduguye, mwenziwe, mamake. Kuna mwanafunzi aliyeuliza nya hiyo ni ya mwanamke au ya mwanamume, na mwalimu akatumia dakika nyingi kueleza kwamba haichagui. "Yake" yetu imeshawahi kuchagua lini? Tinggal nayo, iliyotumika kwa meno yaliyobaki, ndiyo utakayotumia kusema unapokaa: saya tinggal di Yogyakarta, nakaa Yogyakarta.

Kwa hiyo lawama yangu kubwa kwa kozi, nami naisema kwa uzito wote, ni kutufundisha Kiindonesia kwa njia ya Kiingereza. Naelewa sababu, darasa lina watu wa kila bara. Lakini Mswahili anayejifunza kwa Kiingereza anazungushwa. Lugha hizi mbili zimekunywa visima vilevile: dunia ni dunia, habari ni kabar, hukumu ni hukum, kamusi ni kamus, sabuni ni sabun, na Alhamisi ni Kamis. Kwa Wareno wao na sisi tumechukua bendera na meza, wao wakisema meja. Wimbo ulinisaidia kwa sababu hauna tafsiri ndani yake. Unaimba, unaona kidole cha mwalimu kinaelekea dirishani, unaelewa. Msichana mmoja wa Madagaska tuliyekaa naye benchi moja alifurahi kuliko mimi: ndege kwao ni vorona, mbili ni roa, na akawa anawasikia jamaa zake wa mbali ndani ya burung na dua. Angalizo kwetu tu: dua hapa ni hesabu, na tua si kutua bali ni uzee. Mwenye kuomba dua kule anasema doa.

Somo lililonigusa zaidi halikuwa la sarufi. Wimbo huu huhesabiwa kuwa wa Maluku, visiwa vya mashariki, na kwa mtu wa Pemba Maluku si jina geni, au halipaswi kuwa geni. Karafuu yetu asili yake ni huko, Ternate na Tidore na visiwa vya jirani. Ilifika Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, na katika karne ya 20 viwanda vya Indonesia vya kretek, sigara zinazotiwa karafuu, vikawa vinanunua karafuu ya Zanzibar. Harufu ya kretek mitaani Yogyakarta ni harufu ya majamvi yetu wakati wa kuanika. Nilipomweleza Bu habari hiyo, akaiandika cengkih ubaoni, karafuu, akanitaka niwaeleze wenzangu kwa Kiindonesia jinsi inavyochumwa. Hayo yalikuwa mazungumzo yangu marefu ya mwanzo, na yaliletwa na wimbo wa kasuku.

Bu alituonesha pia picha za kakatua wenyewe: yule mkubwa wa Seram mwenye rangi ya waridi hafifu, yule mweupe wa Halmahera, na yule mdogo mwenye kishungi cha njano ambaye sasa yumo hatarini kabisa kutoweka. Akatueleza yaliyotokea mwaka 2015 katika bandari ya Surabaya, pale polisi walipowakuta kakatua wamesokomezwa ndani ya chupa za maji za plastiki ili wavushwe kwa magendo. Darasa lilinyamaza. Tuliimba tena baadae, ila neno hinggap halikuwa tena neno la karatasini.

Mipaka ya wimbo ipo, na msije mkadhani utawafikisha chuoni. Wimbo wa watoto hutumia mashina matupu ya maneno. Kiindonesia cha kitabu na cha mhadhara kimejaa kiambishi me- kinachobadilisha herufi ya mwanzo: tulis inakuwa menulis, potong inakuwa memotong, sapu inakuwa menyapu. Ukiijua safari ya "ulimi" kuwa "ndimi" hutashangaa, lakini utahitaji mazoezi, na kozi yetu ilitutupa huko ghafla. Jengine ni kuimba kwa pamoja. Sauti za wengi humficha asiyeweza, na wapo waliomaliza kipindi wakisema "burungu" bila ya mtu kugundua. Mwambie mwalimu akuimbishe peke yako. Na mtaani utasikia udah badala ya sudah, nggak badala ya tidak, na Kijava kwa wingi, kwa sababu Yogyakarta ni mji wa Wajava. Tena usimwite muuza gudeg, kile chakula chao cha fenesi, nenek kwa kuwa umeimba nenek. Mwite Bu, na akiwa mtu mzima sana Mbah, nawe utahudumiwa kama mjukuu.

Je, inafaa kwa aliye nyumbani, ambaye hajapata ufadhili wowote? Inafaa sana. Wimbo uko kila mahali mtandaoni. Chagua wa kuimbwa polepole na watoto, uepuke ule wa bendi unaokwenda mbio. Andika mistari minne kwa mkono wako, tia alama e zilizo wazi, imba huku ukijirekodi kwenye simu, kisha sikiliza miisho ya maneno tu, mengine yaache kwanza. Badilisha neno moja moja: weka kakek, babu, mahali pa nenek, weka di meja mahali pa dirisha, weka tiga, tatu, mahali pa dua. Kwa mistari minne utakuwa unatunga sentensi zako kabla hujafika sura ya pili ya kitabu.

Halafu nenda kwenye Cicak di Dinding, wimbo wa mjusi kafiri ukutani anayemvizia mbu. Huo ndio unaopaswa kufuata, na ningekuwa mimi ndiye ninayepanga kozi ningeufundisha wiki ileile. Ndani yake mna merayap, kutambaa, ambapo unakutana na me- kwa mara ya kwanza. Mna seekor nyamuk, mbu mmoja, ambapo unajifunza kwamba wanyama wao huhesabiwa kwa ekor, mkia. Na mna di mbili tofauti: ya di dinding inayoandikwa mbali kwa sababu inaonesha mahali, na ya ditangkap, akakamatwa, inayoandikwa pamoja kwa sababu ni ya kutendwa. Tofauti hiyo huwapiga chenga hata Waindonesia wenyewe kwenye mabango ya barabarani. Uanze siku utakapoweza kuuimba wa kakatua bila ya karatasi.