Błyskawica kwenye World of Warships: mizinga iko poa ila wameinyima kitu chake kikubwa

Jamani mnaocheza World of Warships, gemu ya mtandaoni ya meli za kivita, hapa Uganda, kuna destroya (meli ndogo ya kivita yenye mbio) ya Poland naona watu wanaipita tu wakikimbilia za Wajapani na Wamarekani, inaitwa Błyskawica, iko tia 7, yaani ngazi ya 7, ni ya premium, yaani ya kulipia. Mimi naipenda sana hii meli acha niiseme.

Mbio inazo, noti 39 (maili za baharini kwa saa), ukiongeza na busta ya injini unawahi eneo la kuteka mapema kabisa. Mizinga ni 7 ya milimita 120, ukimbananisha destroya mwenzio nyuma ya kisiwa unamkung'uta mpaka aachie moshi akimbie. Torpido ni 6 tu, kwa hiyo usiingie nayo na akili ya Kijapani ya kujificha na kumwaga torpido, hii inaonekana mapema, kazi yake ni mizinga huku unakata kona, na kwa bando zetu hizi sogea karibu kidogo kwa sababu ping, yaani ucheleweshaji wa mtandao, ikipanda risasi za mbali zinaangukia majini tu.

Sasa historia yake ndio inanifanya niandike. Iliundwa Cowes Uingereza ikaingia kazini 1937, na tarehe 30 Agosti 1939, siku mbili kabla Hitler hajavamia Poland, ikatoka bandari ya Gdynia kule Poland pamoja na destroya wenzake Grom na Burza kwenda Uingereza, ndio ikapona. Vita hiyohiyo ndiyo iliyoleta wakimbizi wa Kipoland mpaka kwetu Masindi, kanisa walilojenga Nyabyeya lipo mpaka leo, kwa hiyo mimi hawa watu siwaoni wageni kabisa.

Halafu usiku wa tarehe 4 kuamkia 5 Mei 1942 meli iko palepale Cowes kwenye matengenezo, ndege za Wajerumani zikaja kuupiga mji, kapteni Wojciech Francki na vijana wake wakafyatua usiku kucha mizinga ikapata joto kali mpaka ikabidi imwagiwe maji, na moshi wakautandaza marubani wasione pa kulenga. Cowes wanaikumbuka meli hii mpaka leo.

Na hapo ndipo gemu inaniuma. Mizinga iliyofanya kazi ile ni 8 ya milimita 102 iliyofungwa 1941, ile inayoweza kupiga ndege, lakini kwenye gemu wameiachia ile 120 ya kabla ya vita. Ndege zikikuandama huna la maana la kuzifanya, unabaki na kona na moshi wako basi, wakati hii ni meli iliyokinga mji mzima dhidi ya ndege! Wangetupa hata chaguo la kubadilisha mizinga.

Ukipenda kupigana kwa mizinga inunue hujutii, ila mechi yenye meli za kubeba ndege usitoke peke yako, kaa jirani na kruza (meli ya kivita kubwa kuliko destroya) yenye ulinzi mzuri wa anga na moshi mmoja uuweke akiba.