TAHADHARI: Yule muuza manyoya ya jogoo wa "Makambako" ni tapeli, msimtumie hela

Wakuu, kabla hamjatuma hata mia kwa yule muuza manyoya mwenye picha ya jogoo mwekundu, someni kwanza hapa. Nimeingizwa mjini mchana kweupe. Laki mbili na arobaini imekwenda, na ni hela ya oda ya wageni wa Mufindi, wanaotaka niwafungie nzi bandia, wale wa manyoya wa kuvulia samaki aina ya trauti.

Najua wapo watakaocheka: kuku wamejaa kila uchochoro, wewe unanunuaje manyoya kwa simu? Anayesema hivyo hajawahi kufunga nzi wa kuelea kwenye ndoano namba 14. Shingo nzima ya jogoo wa kienyeji unaichambua na kuambulia manyoya machache tu yenye vijinywele vifupi na vikavu vinavyotosha ndoano ndogo. Yaliyobaki ni mapana, malaini, yanakunywa maji, nzi anazama hata kabla trauti hajamwona. Halafu majogoo wetu wengi wanaingia chunguni wakiwa bado vijana, shingo haijakomaa. Vitu vingine sihangaiki navyo. Mwili nafumua sweta la mitumba, mkia nachambua mkonge, mbawa natoa nyuzi za kiroba cha mbolea, waya wa shaba nachomoa kwenye mota iliyoungua, nta naletewa na wafuga nyuki. Ila manyoya ya shingo, tena ya rangi moja kwa oda nzima, hayo lazima uyatafute kwa mtu.

Huyu bwana alinianza na "kamwene", salamu ya kwetu. Nikaitika, si mtu wa nyumbani? Akaniuliza, "Kaka, unafunga wa kuelea au wa kuzama?" Hebu niambieni, ni muuza kuku gani anauliza swali hilo! Akasema kama ni wa kuzama nisipoteze hela kwenye jogoo, atanipa ya tetea, malaini, yanacheza vizuri majini, na bei yake ni nusu. Mtu anakupunguzia biashara yake mwenyewe, utamshuku kwa lipi? Nilipotaja namba 14 alijua kwamba ndoano ikipanda namba inapungua ukubwa, jambo ambalo wenye maduka ya nyavu hadi leo wananibishia. Na akamtaja Frank Sawyer! Yule mtunza mto wa Uingereza aliyekuwa anafunga nzi wake kwa waya wa shaba bila uzi. Nje ya kundi letu la wafunga nzi sijawahi kumsikia mtu wa huku akilitamka jina hilo.

Bado nikadai video. Akapiga. Nikaona meza, jiliwa la kubania ndoano limefungwa pembeni, na ngozi za shingo zimepangwa: nyekundu, kijivu, nyeusi yenye ncha za dhahabu. Akachukua unyoya mmoja, akaukunja kwa kidole, vijinywele vikasimama vyenyewe. Akautumbukiza kwenye glasi ya maji, akautoa, akaukung'uta, mkavu. Mimi huku nameza mate. Nyuma yake mtoto analia, mwanamke anamwambia "baba fulani, chakula kinapoa". Akacheka, akaniomba radhi kwa kelele. Ile sauti ya "chakula kinapoa" ndiyo iliyonimaliza, nasema kweli. Nikatuma nusu palepale. Kesho yake akanitumia picha ya risiti ya mzigo, jina la basi na namba ya gari vinaonekana, nikamalizia nusu ya pili. Mzigo kweli ulikuja! Nimeupokea stendi Mafinga usiku, boksi limezungushiwa gundi ya karatasi kama maiti, na mpokea vifurushi akanitania kwamba nimeagiza dhahabu.

Nimefungua nyumbani. Juu kabisa ngozi moja safi, ileile ya kwenye video. Chini yake takataka. Manyoya ya kuku wa nyama, wale wa kuchinjwa wakiwa na wiki 5 au 6, yamechovywa rangi za mikeka. Nimeyalowesha, beseni likawa jekundu na vidole vyangu pia, mke wangu akadhani nimejikata. Ngozi nyingine hazikupakwa chumvi wala kukaushwa, zinanuka, na vijidudu vinatembea. Ndoano zimeandikwa 14 kwenye pakiti lakini ukizishika kwa koleo na kuvuta zinanyooka kama msumari wa bati. Na ubaya wa wale wadudu ni kwamba boksi lililala usiku kucha kabatini, karibu na manyoya yangu mazuri. Nusu ya akiba yangu ya tausi imeingiwa na wadudu. Hilo halimo hata kwenye ile laki mbili na arobaini.

Nikapiga, haipatikani. Jioni ikaja meseji kutoka namba nyingine, na hapa ndipo nilipotaka kupasua simu. Eti: "Ndani nimekuwekea zawadi, nywele za mbega. Ukienda polisi, mwenye nyara ya Serikali ni wewe." Nikapekua, kweli, kuna kifungu cha nywele ndefu nyeusi na nyeupe chini ya boksi. Mnajua Sheria ya Wanyamapori ya 2009 haina utani, kukutwa na nyara bila kibali ni kesi. Usiku huo sikulala. Asubuhi nikampelekea mzee wetu wa Ipogolo, fundi wa kufunga nzi. Akachomoa nywele moja, akawasha kiberiti. Ikayeyuka, ikajikunja kuwa kijidonge cheusi kigumu, harufu ya plastiki. Nywele za mnyama zingenuka kama unywele wako ukiungua, na jivu lake unalisaga kwa vidole. Lile ni wigi! Mzee amecheka mpaka akakaa chini.

Huyu mtu afungwe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo kwa ajili ya watu wa namna hii. Afungwe na kabla ya kufungwa asimamishwe sokoni Mwanjelwa, Mbeya, akiwa amebeba boksi lake, achambue unyoya mmoja mmoja mbele ya watu na kueleza ni wa kuku gani. Na yule mwanamke wa "chakula kinapoa" naye aitwe, kama kweli ni mke na si mshirika wake. Meseji yake nimeshaituma kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Wenye huruma msinifuate na habari za "mwachie Mungu".

Dalili za utapeli nilizozipuuza ni hizi: kwenye video hakukubali kugeuza ngozi nikaona upande wa nyama. Namba ya kupokea hela ilikuja na jina lisilo lake, akasema ni la shemeji. Na alikataa nimtume mtu wa Makambako akauangalie mzigo kabla haujapakiwa, eti yuko shambani. Mkiletewa chochote cha manyoya kikae kwanza kwenye mfuko uliofungwa, kwenye friza kama unayo, mbali na akiba yenu.

Jana kuna kijana wa Tukuyu kaniuliza kama namfahamu muuza manyoya ya kanga mwenye bei nzuri. Picha ni nyingine, jina ni lingine, maneno ni yaleyale, hadi Sawyer yumo. Alikuwa ameshatuma nusu. Mwenye risiti ya basi au meseji zake aniletee kabla ya Ijumaa, nakwenda polisi Mafinga na sitaki kwenda peke yangu.