GIMP 3.0 na usiku wa kubuni katika Msitu wa Rau

Mwezi wa saba, wakati baridi ya Moshi inapogoma kuondoka hadi saa nne asubuhi na Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kujificha mawinguni siku kadhaa mfululizo, niliombwa kutengeneza bango la igizo la wanafunzi kuhusu binti anayeingia msituni usiku kumtafuta bibi yake aliyechukuliwa na mizimu. Kazi yote niliifanya kwa GIMP, programu ya kuhariri picha, toleo la 3.0, lililotoka Machi 2025, katika kompyuta mpakato yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8. Tathmini hii inahusu namna programu hiyo inavyoibeba kazi ya aina hii, yaani picha ya giza, ukungu na mwanga mmoja mdogo, iliyoungwa kutokana na picha zilizopigwa mchana kweupe.

GIMP ni programu huria iliyoanzishwa mwaka 1995 na Spencer Kimball na Peter Mattis walipokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Haina malipo, na ukishaipakua haikudai kadi ya benki wala kifurushi cha intaneti. Kwa mtu anayelipwa bango kwa bango hilo si jambo dogo, hasa ukizingatia kwamba Photoshop ya Adobe siku hizi hukodishwa kwa mwezi au kwa mwaka.

Nilianza na picha nne: mivule ya Msitu wa Rau, hapa Moshi, ukungu wa alfajiri juu ya migomba ya jirani, Kibo siku ilipokubali kuonekana, na mpwa wangu akiwa amejifunga kanga na kushika taa ya chemli mbele ya shuka jeupe lililoanikwa uani. Tatizo la kwanza lilikuwa nywele zake, alizokuwa amezifumua asubuhi ileile, zikasimama pande zote kama pamba. Ukizikata nywele za namna hiyo kwa zana ya kuchagulia, kichwa kinabaki na ukingo mweupe, kama kimetolewa kwenye gazeti kwa mkasi butu. Niliacha kukata. Katika GIMP picha hupangwa kwa matabaka, moja juu ya jingine; nilinakili tabaka la binti, nikaiweka nakala hiyo katika hali ya kuzidisha, ambamo thamani ya kila pikseli, yaani nukta ya picha, huzidishwa na ya ile iliyo chini yake: nyeupe, ambayo huhesabiwa kuwa moja, haibadilishi kitu, na nyeusi, ambayo ni sifuri, hubaki nyeusi. Shuka likayeyuka lote, na unywele mmoja mmoja ukabaki umesimama juu ya ukungu. Tabaka la awali nililiwekea maski, yaani kifuniko kinachoficha sehemu za tabaka bila kuzifuta, iliyorudisha uso, mikono na kanga peke yake. Kazi niliyoiogopa kwa siku mbili iliisha kabla chai haijapoa.

Mwanga ndio ulionichukulia muda. Picha ya kubuni inaweza kuwa na mizimu, joka au mlima unaoelea, na mtazamaji akakubali vyote, lakini vivuli viwili vikielekea pande zisizopatana anakataa papo hapo, hata kama hawezi kusema amekataa nini. Mwanga wa chemli hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali: kitu kilicho mita 2 kutoka kwenye taa hupata robo ya mwanga wa kilicho mita 1, na kilicho mita 3 hupata sehemu moja ya tisa. Kwa hiyo kanga ilipaswa kung'aa, shina la kwanza kupata wekundu kidogo upande mmoja, na shina la tatu lisipate karibu chochote. Kwa kuwa taa ilikuwa usawa wa kiuno, kivuli cha pua nacho kilipaswa kupanda juu, wala si kushuka.

Kupata uwiano huo kwa jaribio moja haiwezekani, na hapo ndipo toleo la 3.0 linapotofautiana na lile la 2.10 lililolitangulia. Zamani ukishapunguza mwanga wa tabaka, badiliko lilikuwa limekwisha kuchomwa ndani yake, na kujuta kulimaanisha kurudi nyuma hatua zote ulizopiga baada yake. Sasa vichujio, yaani marekebisho ya mwanga, rangi na kadhalika, hubaki vimening'inia kwenye tabaka. Unabofya alama ndogo ya Fx kando yake na kukirekebisha kichujio cha juzi bila kugusa cha jana. Wiki mbili kabla ya bango kuchapishwa nililipima jambo hilo bila kupanga. Nilikuwa nimeweka mwezi mpevu juu ya theluji ya Kibo, ukimulika mivule kwa nyuma, nami nikijiona fundi. Baba mdogo alisogeza miwani, akatazama kioo kwa muda, akauliza, "Mwanangu, mwezi huu umechomozea Rongai?"

Alikuwa sahihi. Kutoka mjini Moshi Kibo iko kaskazini, na Rongai iko nyuma yake, ilhali mwezi wetu huchomoza mashariki, upande wa Himo. Hauwezi kukaa chini namna ile juu ya kilele. Ubuni una ruhusa zake, lakini watazamaji wa igizo wangekuwa watu wa Moshi. Nikautoa mwezi nje ya fremu, nikauacha mwanga wake uingie kutoka kulia. Nililazimika kubadili maski za mivule na kichujio cha ukali wa mwanga, na ubuluu niliouongeza kwa kichujio cha joto la rangi haukuguswa. (Mwanga wa mwezi kwa kweli si wa buluu, ni jua lilelile lililoakisiwa; ila gizani macho yetu huupoteza wekundu kwanza, ndiyo maana usiku wa buluu huaminika.) Yote yalichukua saa moja na nusu. Katika toleo la zamani ningeanza upya.

Programu hii ina udhaifu wake, na picha za giza huufichua upesi. Kwa biti 8, yaani nafasi inayohifadhi thamani ya rangi, kila rangi ina ngazi 256 tu, na anga inayofifia taratibu kuelekea weusi huonyesha mistari kama ngazi za shamba la mlimani. Dawa yake ni biti 16, ambazo GIMP inazo tangu toleo la 2.10 la mwaka 2018, lakini gharama yake ni kumbukumbu: bango la A3 kwa nukta 300 kwa inchi lina pikseli 3508 kwa 4961, na kila tabaka zima la biti 16 hula karibu megabaiti 139. Nilipofika tabaka la 14, brashi ilikuwa ikinifuata nyuma kama mtoto aliyechoka kutembea. Nililazimika kuyaunganisha matabaka matano ya ukungu kuwa moja. Aidha, natamani pawepo tabaka la marekebisho linalosimama peke yake na kubadili yote yaliyo chini yake, kama lilivyo katika Photoshop.

Kuhusu uchapaji, GIMP hufanya kazi kwa rangi za kioo, nyekundu, kijani na buluu, ilhali mashine hutumia wino wa rangi nne. Nakala ya kwanza, kutoka kwa mchapaji mmoja mjini, ilirudi ikiwa na uso wa binti, taa, na weusi mtupu. Mivule yote ilikuwa imezama. Kosa lilikuwa langu zaidi kuliko lake au la programu, kwa kuwa nilikuwa nimefanya kazi usiku, kioo kikiwa kimeongezwa mwanga hadi mwisho. Nilikishusha hadi kilingane na karatasi nyeupe iliyo chini ya taa ya chumbani, nikafungua Fx, nikainua vivuli vya mivule na kuuacha mwanga wa chemli kama ulivyokuwa. Katika nakala ya pili shina la tatu linaonekana, kwa shida, na nyuma yake kuna kitu ambacho mpwa wangu anasisitiza ni mtu. Ni jani la mgomba.