Nilisusia Oscar miaka 11, wenzangu wakala

Waliosema ukisusa wenzio wala walikuwa wananisema mimi. Usiku wa 5 Machi 2006 niliapa kutotazama tena sherehe za Tuzo za Oscar, na kiapo hicho nikakishika kwa sherehe 11 mfululizo, kuanzia ya 2007 hadi ya 2017. Haya ni maoni ya mteja aliyeondoka kwa hasira na kurudi kwa aibu. Kama filamu unayoipenda imenyimwa tuzo na umeshashika rimoti uzime, nisomee kwanza.

Usiku ule nilikuwa na karatasi ya utabiri mapajani. Kila kipengele nimekijaza kwa kalamu ya wino, na mbele ya Filamu Bora nimeandika Brokeback Mountain, nikaipigia mstari mara mbili. Haikuwa kamari ya kichaa. Filamu ile ya Ang Lee, kuhusu wanaume wawili wachunga kondoo wa Wyoming wanaopendana kwa siri miaka nenda miaka rudi, ilikuwa imeshabeba Simba wa Dhahabu kwenye tamasha la filamu la Venice, Golden Globe, BAFTA ya Uingereza, na tuzo za chama cha watayarishaji na cha waongozaji wa Marekani. Iliingia ukumbini ikiwania vipengele 8, kuliko filamu yoyote mwaka ule. Ang Lee alipotajwa Mwongozaji Bora, nikaanza kukunja karatasi nikalale. Kilichobaki nilikiona kama saini tu.

Kisha Jack Nicholson akafungua bahasha, akasoma: Crash. Nyusi zikampanda, mdomo ukaumba neno la mshangao bila sauti. Zile nyusi ndizo zilizonithibitishia kwamba sikusikia vibaya.

Crash si filamu mbaya, na nasema hivi baada ya kuirudia nikiwa nimetulia. Ilikuwa na bahati ya kuzungumzia ubaguzi wa rangi jijini Los Angeles huku wapiga kura wengi, yaani wanachama wa Akademia inayotoa Oscar, wakiishi Los Angeles hiyohiyo, na wasambazaji wake walikuwa wametuma diski zaidi ya laki moja kwa wanachama wa chama cha waigizaji. Huo ni ujanja halali wa biashara. Kilichonichoma ni kusikia waigizaji wakongwe, wanachama wenye kura, wakisema hadharani kwamba Brokeback hawajaitazama wala hawana haja ya kuitazama. Hakuna kanuni iliyowabana. Unamsahihishiaje mtihani mtoto ambaye hujasoma karatasi yake?

Basi nikasusa. Mashabiki wenzangu wengine walichagua njia tofauti kabisa: walichangishana pesa wakanunua ukurasa mzima wa tangazo katika Daily Variety, gazeti ambalo wakati ule watu wa filamu Hollywood walilisoma asubuhi na chai yao. Lilitoka 10 Machi, siku tano tu baada ya sherehe. Halikuwa na tusi hata moja. Lilitoa shukrani kwa waliotengeneza filamu na kuorodhesha tuzo ilizokwisha kupata, basi. Wakati ule niliwadharau, nikaona ni upole wa kipuuzi. Mimi nilitaka waumie.

Hawakuumia. Ile idadi ya watazamaji inayotangazwa kila baada ya sherehe, ambayo ikishuka magazeti hupiga kelele, hupimwa na kampuni ya Nielsen kwa watazamaji walioko Marekani. Mimi siko Marekani. Nilizima televisheni ambayo hakuna aliyekuwa akiihesabu, nikagomea duka ambalo halikuwahi kujua kama mimi ni mteja. Kuligundua hilo kulinichukua miaka, na sijivunii.

Hasara yangu ndiyo inayohesabika.

Februari 2009, Heath Ledger, mwigizaji mkuu wa Brokeback, filamu ileile iliyonifanya nisusie Oscar, alitajwa Mwigizaji Bora Msaidizi kwa kazi yake katika The Dark Knight. Alikuwa amefariki mwaka mmoja nyuma, Januari 2008. Baba yake, mama yake na dada yake walipanda jukwaani kumpokelea, ukumbi mzima umesimama. Mimi nilikuwa nimelala fofofo, kwa heshima ya filamu yake! Niliiona klipu siku mbili baadaye, picha imechakaa, sauti inakatika, na nikajiona mpumbavu kuliko siku zote.

Mwaka 2013 Ang Lee alirudi kuchukua Mwongozaji Bora mara ya pili, kwa Life of Pi. Nayo haikupata Filamu Bora. Nililisoma hilo gazetini, nikacheka peke yangu.

Halafu 26 Februari 2017. Warren Beatty anafungua bahasha, anasita, anaigeuzageuza kama mtu aliyepewa chenji pungufu, anampa Faye Dunaway, naye anataja La La Land. Hotuba zinaendelea, kumbe bahasha si yenyewe. Mshindi ni Moonlight, filamu inayomfuata mvulana mweusi wa Miami anayempenda mvulana mwenzake. Kile nilichokesha nikikisubiri 2006 kilikuja kwa mlango wa nyuma, kwa namna ya ajabu kuliko mchezo wowote wa jukwaani, na mimi nilikuwa kwenye mgomo. Asubuhi yake nikauvunja. Mwaka uliofuata nilikuwa mbele ya skrini kabla zulia jekundu halijatandikwa.

Sisemi kususia hakufanyi kazi. Angalia 2016. Kwa mwaka wa pili mfululizo, waigizaji wote 20 walioteuliwa walikuwa weupe. Mwongozaji Spike Lee na mwigizaji Jada Pinkett Smith wakatangaza kwamba hawatahudhuria, na kabla hata ya siku ya sherehe Akademia ikaahidi kuongeza maradufu idadi ya wanachama wanawake na wa jamii zisizo za weupe kufikia 2020. Lakini hao walikuwa na viti ukumbini. Kiti kitupu cha Spike Lee kamera inakiona. Kochi langu tupu lilionwa na paka.

Jambo ambalo watu waliogoma hawalijui sana ni kwamba huduma yenyewe ilibadilika wakati tuko nje. Mwaka 2006 filamu zilizowania Filamu Bora zilikuwa 5, kila mwanachama anachagua moja, yenye kura nyingi inapita. Kwa hesabu hiyo, filamu ingeweza kushinda hata kwa asilimia 20 na ushei tu. Tangu sherehe ya 2010 mambo ni tofauti. Mpiga kura anazipanga filamu kuanzia anayoipenda zaidi hadi ya mwisho. Kama hakuna iliyovuka nusu, ya mkiani inaondolewa na kura zake zinagawiwa kwa filamu iliyoandikwa ya pili kwenye karatasi hizo, na hivyo hivyo mpaka moja ivuke. Mfumo huu una kasoro yake: filamu inayopendwa na wengi kiasi huipita ile inayopendwa na baadhi kupita kiasi na kuchukiwa na waliobaki. Je, ungeiokoa Brokeback? Sidhani, maana waliokataa kuitazama wangeiweka mkiani.

Sherehe yenyewe, nikiihukumu kama burudani, ni ndefu kupita maelezo. Kuchukua muda wa saa tatu na nusu si ajabu, matangazo ya biashara hayaishi, na muziki wa kuwafukuza washindi jukwaani huwa unaanza pale tu mtu anapotaka kumtaja mama yake. Bado kuna dakika tano kila mwaka ambazo huwezi kuzipata kwingine, na tatizo ni kwamba hujui zitakuja saa ngapi.

Mwaka 2021 nilijaribiwa upya. Waandaaji walibadili ratiba, Mwigizaji Bora wa Kiume akawekwa mwisho kabisa, na kila mtu akaelewa kwamba wanamwandalia buriani Chadwick Boseman, aliyefariki Agosti 2020. Bahasha ikafunguliwa: Anthony Hopkins, ambaye hata hakuwapo. Joaquin Phoenix, aliyefungua bahasha, akasema Akademia inampokelea, taa zikazimwa, watu wote na vinywa wazi. Watu waliapa usiku uleule kutotazama tena, na nilizijua sauti zile, ilikuwa sauti yangu ya 2006. Kidole changu kilikuwa kwenye kitufe.

Safari hii nikafanya kitu kingine. Wiki ile nikaitafuta The Father, filamu iliyompa Hopkins ushindi, nikaitazama nikiwa nimenuna, nimekunja mikono. Ni mzee anayepoteza kumbukumbu, nyumba inabadilika mbele ya macho yake, hajui tena binti yake ni yupi. Mwishoni, mzee mzima yule analia anamtaka mama yake, na mikono yangu sikumbuki ilikunjuka saa ngapi. Boseman bado ningempa mimi. Lakini ningekuwa nimesusa, kile kilio nisingekisikia.

Ushauri wangu basi: sherehe isusie ukitaka, haitakufa wala haitakumiss. Filamu iliyomshinda kipenzi chako usiisusie, angalau mara moja. Na kama una hasira na vijisenti, fanyeni kama wale wa Daily Variety, nunueni ukurasa.

Nyota naipa tatu kati ya tano. Ya nne iko njiani: Aprili 2025 Akademia ilitangaza kwamba katika duru ya mwisho mwanachama hataruhusiwa kupiga kura kwenye kipengele mpaka awe ametazama filamu zote zinazokiwania. Hilo ndilo nililolilia mwaka 2006. Ila aliyeitazama filamu nje ya mtambo wa Akademia wa kutazamia filamu mtandaoni anajaza tu fomu, anaandika ameiona wapi na lini, na anaaminiwa. Kwa hiyo nyota hiyo naishikilia kwanza.