Ofisi ya Wakili wa Madai ya Ajali, Nakuru Mjini
Niliwapelekea dai la jeraha la bega nililopata matatu yetu ilipogongwa karibu na Salgaa, na kabla ya mengine yote karani aliniuliza fomu ya P3 (ile ya polisi ambayo daktari hujaza kueleza majeraha), ripoti ya polisi na risiti za matibabu, hata ile ya dawa za maumivu iliyokuwa imekunjamana mfukoni. Wakili alinikataza kutia sahihi karatasi yoyote ya kampuni ya bima kabla yeye hajaisoma, kwa kuwa sahihi hiyo huweza kulizima dai zima, akanikumbusha kwamba kesi ya majeraha hufunguliwa ndani ya miaka 3. Ada waliniandikia mapema. Simu, kusema kweli, hawapokei. Heri ufike mwenyewe asubuhi.