The Honeymooners, seti ya vipindi 39: nimemaliza yote na sasa Fred Flintstone namwona kwa jicho jingine

Jamani nimekaa na hii seti ya DVD wiki tatu na lazima niseme. Mimi ni mtu wa katuni tangu utotoni, The Flintstones naijua kipindi kwa kipindi, The Simpsons ndo usiseme, na miaka yote nilikuwa nasikia kwamba Fred katolewa kwa dereva mmoja wa basi anaitwa Ralph Kramden, kwenye komedi ya Marekani ya mwaka 1955, nikawa naitikia tu bila kuiona. Sasa shemeji alikuwa anarudi kutoka huko nikamwomba aniletee. Usiku wa kwanza mwanangu wa miaka 11 alikuwa pembeni na simu yake, Ed Norton akaingia mlangoni bila hodi, kavaa fulana na kizibao na kofia yake ile, mtoto akanyanyua kichwa akasema "baba, huyu si Barney huyu?" Barney ndo jirani na rafiki wa Fred. Hatujamwambia kitu. Kamjua mwenyewe.

Kwa ambao hawaijui, Ralph (Jackie Gleason) anaendesha basi New York, mnene, ana mdomo, kila wiki ana mpango mpya wa kutajirika. Norton (Art Carney) anakaa ghorofa ya juu na anafanya kazi kwenye mitaro ya maji machafu. Wake zao ni Alice na Trixie. Basi, watu wanne, na karibu kila kitu kinatokea kwenye chumba kimoja hapo Brooklyn chenye meza, sinki, kabati la droo na jokofu la kizamani la kuwekea bonge la barafu. Simu hakuna. TV hakuna, na kipindi cha kwanza kabisa ni Ralph na Norton wanachangishana kununua TV moja alafu wanagombania nani aangalie nini, Norton kakaa mbele ya kioo na helmeti ya anga kichwani anafuata kipindi chake cha watoto kwa moyo wote.

Hicho chumba ndo kitu ambacho katuni haikukibeba, na kwangu ndo tofauti kubwa. Fred ana nyumba yake, gari, mnyama wa kufuga, jirani mwenye bustani. Ralph hana kitu, yaani ukimwona anapandisha sauti pale unajua kabisa anapigia kelele ufukara, na Alice anajua hivyo ndo maana hatishiki. Audrey Meadows aliyemcheza Alice nasikitika nimechelewa hivi kumjua. Anasimama mikono kiunoni, kimya, anamwangalia tu, jamaa anaanza kujikanyaga mwenyewe. Gleason mwanzoni alimkataa, akasema huyu mdogo sana na mzuri sana kwa kazi hii, dada wa watu akaenda kupigwa picha asubuhi hajajipodoa, nywele ovyo, nguo za kazi za nyumbani, Gleason alipoziona akauliza huyu ni nani, ndo huyu huyu tunayemtafuta. Wilma, mke wa Fred, nampenda, ila Wilma hajawahi kuninyamazisha sebuleni kwangu.

Kipindi cha kuanzia, kama una kimoja tu cha kuangalia, ni cha shindano la maswali, kinaitwa The $99,000 Answer. Ralph kachagua maswali ya nyimbo, anakodi piano, Norton anampigia ili akariri. Shida ni kwamba Norton hawezi kuanza wimbo wowote bila kujipasha vidole kwanza na kipande kile kile cha Swanee River, wimbo wa zamani wa Marekani, kila wimbo hicho kwanza, mpaka Ralph anamlipukia. Siku ya siku Ralph anasimama mbele ya watu, swali la kwanza, la pesa ndogo kabisa, wanapigiwa Swanee River, nani katunga? Uso wa Gleason pale rudisha nyuma uangalie tena, macho yametoka, anameza mate, anaomba Mungu, alafu anajibu Ed Norton. Nyumbani kwetu tulicheka mpaka mama watoto akatoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza kuna nini, na baada ya kicheko nikamwonea huruma yule mtu kwelikweli maana kakariri nyimbo zote zile na anabaki kuzitaja wakati hakuna anayemuuliza tena.

Kwenye katuni sasa, ukishaiona hii unaanza kuikuta kila kona. Studio ya Warner walitoa katuni yao ya panya mapema tu, The Honey-Mousers mwaka 1956, panya wanaigiza nyumba ile ile ya akina Kramden. Sauti za Ralph na Norton wa panya kafanya Daws Butler, na Butler huyo huyo miaka miwili baadaye akampa sauti Yogi Bear, yule dubu wa katuni, ukisikiliza vizuri Yogi ni Norton msituni. Alafu 1960 wakaja The Flintstones, na William Hanna, mmoja wa waliotengeneza hiyo katuni, mwenyewe alikiri alikuwa anaipenda sana The Honeymooners. Klabu ya wanaume aliyomo Ralph ina kofia za mkia wa mnyama na salamu ya viwiko, klabu ya Fred ina kofia za pembe za nyati. Bowling kote kote. Gleason aliwaza kuwashtaki akaacha, hakutaka ajulikane kama mtu aliyemtoa Fred Flintstone hewani.

Na mnyororo hauishii hapo. Kile kipindi cha monorail (treni ya reli moja) cha The Simpsons, 1993, Homer, baba wa familia, anatoka kazini anajiimbia vile vile anavyotoka Fred machimboni, anagonga mti. Kwa hiyo Homer kamshika Fred na Fred kamshika Ralph. Mtoto wangu nilimwonyesha vyote vitatu jioni moja, akataka turudie.

Kuna jambo moja silipiti. Ralph ana tishio lake kwamba iko siku Alice, ngumi moja mpaka mwezini. Katuni ya Futurama walilikamata mwaka 1999, mhusika wao mkuu Fry anafika mwezini anakuta sanamu la Ralph limewekwa kama mwanaanga wa kale, inabidi aeleze kwamba huyu ni mchekeshaji wa TV na alikuwa anaongelea kumpiga mkewe. Kweli kabisa. Kwenye vipindi vyote 39 hamgusi hata mara moja, na mama watoto anasema Alice haogopi na ndo maana anaweza kuangalia, lakini mimi mbele ya mtoto nilisimamisha diski tukaongea. Nawashauri mfanye hivyo.

Kuhusu bidhaa yenyewe, picha ni nyeusi na nyeupe ila safi, maana walirekodi kwenye filamu mbele ya watazamaji kwenye ukumbi wa tamthilia, unasikia watu wa kweli wanacheka na Gleason akisahau maneno anajipapasa tumbo wenzake wamwokoe, mtafuteni mkono wake. Maandishi ya Kiswahili chini hakuna, na lafudhi ya Brooklyn inakwenda mbio, kipindi cha pili cha tatu sikio linazoea. Deki iwe inayosoma diski za Marekani, yangu ya zamani ilikataa nikaazima ya jirani. Duka aliponunua shemeji walimpa diski moja ina mikwaruzo, inakwama katikati ya kipindi, fungueni boksi hapo hapo mkague kabla hamjalipa.

Nawapa 9 kwa 10. Sasa naanza kuwinda vile vipindi vingine vya Honeymooners vinavyoitwa vilivyopotea, Gleason alikuwa navyo kabatini miaka yote akavitoa 1985, mwenye kujua pa kuvipata vikiwa na diski nzima aniambie.