Kununua mchezo wa kuendesha treni: angalia kwanza jinsi breki zinavyolegea

Wasomaji kadhaa wa hapa Lubumbashi, wengi wao watoto na wajukuu wa wafanyakazi wa reli, wameniandikia wakiwa na lalamiko moja: walinunua mchezo wa kuendesha treni kwenye kompyuta kwa kuvutiwa na picha zake, kisha baba au babu aliyewahi kuwa dereva akaketi mbele ya skrini, akashika breki kwa dakika chache na kusema kwamba hiyo si treni. Lalamiko hilo ni la haki. Katika mji uliofikiwa na reli mwaka 1910, na ambao ndio makao makuu ya SNCC, shirika la reli la taifa, wapo watu wengi wanaojua jinsi treni nzito inavyoitikia mkono wa dereva, na watu hao hawaridhishwi na mlio wa honi.

Kwa sababu hiyo sitapima picha, sauti wala wingi wa njia. Nitapima jambo moja ambalo wauzaji hawaligusi kabisa, nalo ni kile kinachotokea dereva anapoachia breki. Kufunga breki ni rahisi kuigiza, hata michezo ya simu huliweza hilo. Ni wakati wa kuachia ndipo hujulikana kama watengenezaji waliielewa breki ya hewa au waliweka tu namba inayopunguza mwendo.

Tangu George Westinghouse alipobuni breki ya hewa inayojifunga yenyewe mwaka 1872, msingi wake haujabadilika: bomba moja hupita chini ya treni nzima, kila behewa hubeba tangi lake la hewa, na shinikizo la bomba linapopungua, valvu ya behewa hupeleka hewa ya tangi kwenye silinda ya breki. Katika treni za mizigo za Marekani bomba hujazwa hadi psi 90 (psi ni kipimo cha shinikizo). Dereva akipunguza psi 26, tangi na silinda hulingana karibu na psi 64, na kuanzia hapo kuendelea kupunguza hakuongezi nguvu yoyote, isipokuwa kwa breki ya dharura. Tena valvu hizo hazilegezi kidogo kidogo: shinikizo la bomba likipanda kiasi kidogo tu, breki za behewa hulegea zote, ilhali tangi bado linahitaji muda mrefu kujaa. Dereva anayefunga, kuachia na kufunga tena kwa haraka kwenye mteremko anatumia hewa ambayo haijarudi, na akiendelea hivyo atajikuta hana breki ya maana. Ulaya mambo ni tofauti. Bomba lina shinikizo la bar 5, breki hufungwa kikamilifu shinikizo likishuka hadi bar 3.5, na dereva anaweza kulegeza hatua kwa hatua. Lakini treni ya mizigo iliyowekwa katika hali ya G, yaani breki za taratibu, huchukua sekunde 18 hadi 30 kujaza silinda, na sekunde 45 hadi 60 kulegea. Zaidi ya hayo, badiliko la shinikizo ndani ya bomba haliwezi kuipita kasi ya sauti, kwa hiyo mkia wa treni yenye urefu wa mita 1,700 hauwezi kupata habari kabla ya sekunde 5 kupita. Mchezo unaolegeza breki za mabehewa yote papo hapo kwa pamoja umeiondoa kazi yenyewe ya dereva.

Jaribio ni rahisi. Chukua treni ndefu ya mizigo, ishushe kwenye mteremko, funga breki vizuri, achia, kisha funga tena kabla matangi hayajajaa. Ikiwa breki ya pili ina nguvu sawasawa na ya kwanza katika treni ya Kimarekani, mchezo huo haustahili fedha zako.

Ninaoupendelea waziwazi, na ninaouweka wa kwanza, ni Run 8. Jina lake limetokana na hatua ya nane, ambayo ndiyo ya juu kabisa kwenye wenzo wa nguvu wa vichwa vya dizeli vya Marekani, na jina hilo linaonyesha walichokijali. Hewa huhesabiwa behewa kwa behewa, matangi huishiwa kama yanavyopaswa kuishiwa, na treni iliyoachiwa breki kizembe hujivuta na kujisukuma hadi kukata viunganishi. Miongoni mwa njia zake imo Cajon Pass ya California, mteremko uleule wa ajali ya San Bernardino ya tarehe 12 Mei 1989: treni ya Southern Pacific ilikuwa nzito kuliko ilivyoandikwa kwenye karatasi, breki za umeme za baadhi ya vichwa, zinazotumia mota za kichwa kupunguza mwendo, hazikufanya kazi, na breki ya dharura ilipovutwa ikazizima hata zile za umeme zilizokuwa bado zikisaidia. Anayeendesha Run 8 kwenye njia hiyo ataielewa ajali hiyo kwa mikono yake. Picha zake ni za kawaida, jambo ambalo kwa kompyuta nyingi za hapa kwetu ni faida, lakini hauuzwi kupitia Steam, duka la michezo la mtandaoni; hununuliwa kwa watengenezaji wenyewe.

Wa pili ni Zusi 3 ya Ujerumani. Kwa anayependa vichwa vya umeme, hasa hapa Katanga ambako njia ya kuelekea Tenke na Kolwezi ina nyaya juu yake, huu ndio mchezo wa kufundisha tofauti kati ya hali ya G na ile ya P, ya breki za haraka, pamoja na mifumo ya usalama ya PZB, inayosimamisha treni ikipita ishara ya kusimama, na Sifa, inayohakikisha dereva yuko macho. Kikwazo chake ni lugha, kwa kuwa umejengwa kwanza kwa ajili ya Wajerumani.

Train Sim World nauweka wa tatu. Magurudumu yake huteleza kama inavyotarajiwa mvua ikinyesha, mchanga husaidia, na breki zake zimejengwa kwa uangalifu katika vichwa vingi, lakini unadai kadi ya picha yenye nguvu na makumi ya gigabaiti za kupakua, na anayelipia mega kwa mwezi anajua maana yake. Train Simulator Classic, wa kampuni hiyohiyo ya Dovetail Games, hutegemea mno kichwa ulichonunua: kimoja kinaweza kuwa kizuri, na cha jirani yake kikalegeza breki kama swichi ya taa.

Open Rails ni bure. Ukibonyeza F5 unaona hali ya breki za treni, na ubora wake hutegemea mafaili ya aliyetengeneza behewa.

Kuhusu kifaa cha RailDriver, chenye wenzo wa mwelekeo, wa nguvu, wa breki ya treni na wa breki ya kichwa pekee, nasema subiri. Open Rails na Run 8 zote hukitambua, na mkono hujifunza mengi kwa wenzo halisi, lakini hakiwezi kurekebisha mchezo ambao breki zake ni za uongo.

Linaloniudhi zaidi ni biashara inayofanyika mjini, ambapo mtu anauziwa diski iliyonakiliwa, au akaunti ya Steam inayotumiwa na watu wengi, kwa bei inayokaribia ya halali. Steam hurudisha fedha ikiwa umenunua ndani ya siku 14 na hujacheza saa 2, na muda huo unatosha kabisa kufanya jaribio la mteremko nililolieleza. Lakini mwenye diski ya kunakili hana pa kudai, na mwenye akaunti ya pamoja hupoteza kila kitu siku nenosiri linapobadilishwa. Wauzaji hao wanajua kwamba vijana wengi hawana kadi ya benki, na wanaitumia hali hiyo kuwatoza kwa kitu ambacho hakitakuwa chao kamwe. Usipokuwa na kadi, tafuta ndugu mwenye nayo, mpe dola zake mkononi, na hakikisha ununuzi unafanyika mbele yako, katika akaunti yenye barua pepe yako mwenyewe.